Mali Bila Daftari: Gataka na Ahadi za Mwaka

Kama uko ndani ya matatu kwenye barabara ya Magadi ukirudi nyumbani, kama uko kibandani unahesabu mauzo ya siku, kama uko jikoni na ugali uko motoni, nipe sikio kidogo. Leo tuzungumze juu ya kufunga mwaka. Si ule mwaka tunaoufunga kwa mkesha na nyama choma. Nazungumzia mwaka wa fedha wa serikali, unaofunguliwa tarehe 1 Julai na kufungwa tarehe 30 Juni. Hauna kengele wala fataki, lakini ndio unaoamua kama zahanati itakuwa na dawa, kama takataka zitazolewa, na kama mtoto wa chekechea atasomea darasani au chini ya mti.

Siku chache zilizopita nilisimama kwa mama mmoja anayeuza mboga hapa Gataka. Nilikuwa nanunua sukuma wiki, naye alikuwa akiikata huku akisikiliza redio ndogo aliyoitundika kwenye mti wa kibanda. Taarifa ya habari ilikuwa imetaja bajeti za kaunti. Akaniuliza, "Mwalimu, wewe husoma magazeti. Hii kaunti yetu mwaka huu imepita mtihani ama imeanguka?"

Nikamrudishia swali: "Wewe mama wasemaje?"

Akamaliza kwanza kukata, akafunga mboga, akanipa. "Mimi nitajuaje? Ukitaka kusahihisha mtihani wa mtoto si lazima uwe na maswali mkononi? Mimi maswali sikuyaona."

Nimetembea na jibu hilo wiki nzima, maana mama yule aligusa penyewe. Kila mwezi wa Julai tunasikia watu wakiisifu kaunti na wengine wakiilaumu, na wote wanasema kwa sauti ya uhakika. Anayesifu hutaja barabara aliyoiona. Anayelaumu hutaja barabara asiyoiona. Lakini kazi ya mwaka haipimwi kwa alichokiona mpita njia. Hupimwa kwa kile kilichoahidiwa. Na ahadi ya kaunti ina karatasi yake, yenye tarehe yake, iliyoandikwa kabla ya mwaka kuanza. Asiyeiona karatasi hiyo hana la kusahihisha.

Kwa msikilizaji asiyeijua Gataka, hapa ni Kajiado Kaskazini, upande wa Ongata Rongai. Ukiuvuka mto Mbagathi umeingia Nairobi. Watu wengi wa huku hufanya kazi ng'ambo na kulala upande huu, na huo ndio uzito wa mahali penyewe: mshahara unapatikana katika kaunti moja, lakini mtungi wa maji, shimo la choo, takataka na zahanati ni mambo ya kaunti nyingine. Katika sensa ya mwaka 2009 Kajiado yote ilikuwa na watu 687,312. Sensa ya 2019 ikakuta watu 1,117,840. Mji wa Ongata Rongai peke yake ulikuwa umepita watu 170,000, na Kitengela 150,000. Fikiria nyumba iliyojengwa kwa ajili ya watu wanne, sasa inalala zaidi ya sita, na bado wageni wako mlangoni na mizigo yao. Nitaurudia mfano huu baadaye, kwa sababu haki inatutaka tumpime mtu pamoja na mzigo aliobebeshwa.

Kwanza tuangalie sheria, maana sheria haikumwacha mama wa mboga gizani. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 47, inaitaka kamati tendaji ya kaunti iandae mpango wa kupima utendaji wake. Mpango huo uwe na viashiria vinavyopimika na vyenye muda wake. Uwe na ripoti ya kila mwaka. Na wananchi washirikishwe katika kupima. Naomba neno hilo likukae, msikilizaji. Tumezoea kuitwa kutoa maoni wakati wa kupanga, tunapewa chupa ya maji, tunataja shida zetu, tunarudi nyumbani. Sheria inataka tuitwe mara ya pili, wakati wa kupima. Kifungu hicho hicho kinamtaka gavana aipeleke ripoti hiyo mbele ya bunge la kaunti, kisha kinasema ripoti ni hati ya umma. Maana yake si siri ya ofisi, wala mtu hakufanyii hisani anapokuonyesha.

Sasa kama sheria ipo, mbona mama hana maswali mkononi?

Tuufuate mwaka mmoja, mwaka wa fedha wa 2024/2025, uliofungwa tarehe 30 Juni 2025, tangu siku ya kutungwa kwake. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma inataka mpango wa maendeleo wa mwaka uwe umefika mbele ya bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Kwa mwaka tunaouzungumzia, hiyo ni Septemba ya 2023. Mpango huo ndio karatasi ya maswali. Februari 2024 hufuata waraka wa mkakati wa fedha, unaosema kila idara itapewa kiasi gani. Kufikia mwisho wa Aprili huja makadirio ya bajeti, na kufikia mwisho wa Juni yawe yamepitishwa. Hapo ndipo mwaka wenyewe unaanza. Kila baada ya miezi mitatu kaunti inatakiwa itoe ripoti, na Msimamizi wa Bajeti, Dkt Margaret Nyakang'o, hutoa yake kuhusu kaunti zote 47. Mwaka ukishafungwa, Katiba inampa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Nancy Gathungu, miezi sita, yaani hadi tarehe 31 Desemba 2025.

Hesabu nami. Kutoka siku ahadi ilipotakiwa kuandikwa hadi siku hesabu yake inapotakiwa kuwa imekaguliwa ni miaka miwili na miezi minne. Mtoto aliyezaliwa wiki ile ya ahadi anatembea, anazungumza, anajua kuomba maandazi kwa jina. Ni nani kati yetu atakayekumbuka kuwa Septemba ile palisemwa kitu kuhusu kalvati la mtaa wake? Waswahili walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Ahadi nayo ni mali. Bila daftari hupotea vivyo hivyo, na anayeipoteza mara nyingi hana haja hata ya kuificha. Muda humfanyia kazi hiyo.

Lakini muda si tatizo pekee. Ahadi hubadilika sura ikiwa njiani. Nitatoa mfano, na ninaomba uelewe kuwa ni mfano tu wa kutunga, simnyoshei mtu kidole. Tuseme mpango wa Septemba unasema hivi: katika wadi fulani kitachimbwa kisima kimoja, lijengwe tangi la lita 100,000, na viwekwe vioski vitatu vya maji, ili familia 600 zipate maji karibu na nyumbani. Lengo zuri, linapimika, hata mama wa mboga anaweza kulisahihisha. Atatembea, atahesabu vioski, atafungua mfereji.

Bajeti inapokuja, kisima hukioni tena kwa jina. Utaona mstari unaosema uboreshaji wa huduma za maji, na mbele yake shilingi kadhaa. Familia 600 zimetoweka kwenye karatasi. Mwaka ukifika katikati inakuja bajeti ya nyongeza, mstari ule unapunguzwa, kwa sababu mapato hayakufika au kwa sababu pametokea dharura. Mwaka ukifungwa, ripoti inasema mradi wa maji katika wadi ile umekamilika kwa asilimia 70. Asilimia 70 ya nini? Kisima kimechimbwa, tangi limeinuliwa, lakini pampu haijanunuliwa na umeme haujavutwa. Kwa mhandisi, kweli kazi ya asilimia 70 imefanyika. Kwa mama anayenunua mtungi wa lita 20 kutoka kwenye mkokoteni, kisima kisicho na pampu kimempa maji kiasi gani? Hakuna. Na ripoti ya kazi ya maji isiyosema kama maji yametoka imeacha kusema jambo lenyewe.

Angalia vizuri, katika safari yote hiyo hakuna aliyesema uongo. Aliyeandika mpango aliandika alichokusudia. Wa bajeti aliandika alichopewa. Wa ripoti aliandika alichokikuta. Ila kila mmoja aliandika kwa maneno yake, na kwa sababu maneno hayakufanana, ahadi na matokeo haviwezi kuwekwa kwenye mizani moja. Mimi nasema hapo ndipo ugonjwa ulipo, na ndilo jambo moja ninalotaka ulishike kutoka katika mazungumzo haya. Ripoti ya mwaka iandikwe kwa maneno yale yale, mstari kwa mstari, yaliyotumika kuahidi. Ukiahidi vioski vitatu, ripoti iseme vioski vitatu, viwili, au hakuna hata kimoja. Usiniambie uboreshaji.

Kuna kipimo kingine kinachotupoteza njia, nacho ni cha fedha. Utasikia kwenye habari kwamba kaunti fulani imetumia asilimia 80 ya bajeti yake na nyingine asilimia 65, na ile ya 80 inapongezwa. Takwimu hizo ni muhimu, na ofisi ya Msimamizi wa Bajeti inafanya kazi kubwa kuzitoa. Zinatuonyesha kama kaunti imeheshimu sheria inayotaka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo, na kanuni inayotaka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Ripoti hizo zimeonyesha mara nyingi kwamba kaunti nyingi zinashindwa hapo. Lakini kutumia si kutimiza. Baba anaweza kumaliza mshahara wote tarehe 15, na watoto bado wakafukuzwa shule kwa karo. Hatumsifu kwa kumaliza pesa haraka. Tunamuuliza zimefanya nini.

Na mwezi wa Juni ndio mwezi wa hatari. Mwaka unakaribia kufungwa, fedha za mwisho zinafika kutoka Nairobi, kila idara inataka kulipa kabla mfumo wa malipo haujafungwa. Kazi iliyolala miezi kumi inaamka kwa wiki mbili. Greda linapita juu ya tope, changarawe inamwagwa, picha inapigwa. Ndiyo maana nawaomba wasikilizaji wangu msipime barabara mwezi wa Juni. Ipimeni Desemba, mvua za vuli zikishapita juu yake. Kazi iliyobaki baada ya mvua ndiyo iliyofanywa.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, kwa ajili ya vijana. Kabla ya Machi 2013 hapakuwa na serikali ya kaunti. Sehemu hizi zilikuwa chini ya Baraza la Kaunti ya Olkejuado, na aliyekuwa mwakilishi wetu aliitwa diwani. Baraza lilikuwa na kodi zake ndogo ndogo, na tangu sheria ya mwaka 1998 mabaraza yote nchini yalipata mgao kutoka mfuko uliojulikana kwa jina la LATF, asilimia 5 ya kodi ya mapato ya taifa. Mfuko huo ulikuwa na jambo moja la busara: sehemu ya fedha, kama asilimia 40, ilitegemea baraza lipeleke makaratasi yake kwa wakati. Hesabu za mwaka, orodha ya madeni, mpango wa huduma. Ukichelewa unakatwa. Tangu mwaka 2001 mpango huo wa huduma ulitakiwa utoke kwa wananchi wenyewe kupitia mikutano ya wadi, na watu wakaujua kwa jina la LASDAP.

Nauthamini mpango ule kwa sababu ulitangulia. Kabla yake diwani alijua peke yake. Lakini ulizaa tabia ambayo hatujaiacha hadi leo. Makaratasi yaliandikwa ili yafike Nairobi. Msomaji wake alikuwa afisa wa wizara mwenye mamlaka ya kuachilia fedha, na alitaka kuona kama karatasi imefika, si kama kalvati limejengwa. Leo mabaraza yamekwisha, tumempata gavana wa kwanza, Dkt David Nkedianye, na tangu 2017 Joseph Ole Lenku. Tumeona mipango mitatu ya miaka mitano mitano: 2013 hadi 2017, 2018 hadi 2022, na huu wa sasa wa 2023 hadi 2027. Mgao wa Kajiado kutoka Hazina ya Kitaifa umefika karibu shilingi bilioni 8 kwa mwaka, fedha ambazo baraza la zamani lisingeweza hata kuziota. Mamlaka yamesogea karibu nasi. Lakini chukua ripoti yoyote ya mwaka ya kaunti yoyote, isome, kisha ujiulize imeandikiwa nani. Utaona imeandikiwa mkaguzi, msimamizi, mfadhili. Mtu wa Gataka hayumo miongoni mwa wasomaji waliofikiriwa.

Na lugha yenyewe inashuhudia. Katiba yetu, ibara ya 7, inasema Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, na ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo mipango na ripoti hizi hutolewa kwa Kiingereza, kurasa mia na zaidi, zimejaa majedwali. Hapa Kajiado tuna wazee wanaozungumza Kimaa, wenye akili ya kuhesabu mifugo mia mbili kwa kuzitazama rangi zake tu, ambao hawawezi kusoma sentensi moja ya ripoti hiyo. Je, wao si wananchi wa kushirikishwa katika kupima? Niliwahi kuhudhuria kikao cha maoni ya bajeti, na sitataja ni wapi. Hati tulipewa mlangoni asubuhi ile ile, nene kama msahafu, na tukaambiwa maoni yaanze. Mzee mmoja aliyekaa karibu nami aliipokea kwa mikono miwili kwa heshima, akaiweka magotini, hakuifungua hadi kikao kikaisha. Mpaka leo nikikumbuka mikono ile naona uchungu.

Nimeahidi kutenda haki, basi niseme na upande wa pili. Kaunti nayo ina hoja, kuanzia ile nyumba ya watu wanne inayolala zaidi ya sita. Fedha huchelewa. Katika mwaka huo wa 2024/2025 mgao wa kaunti zote ulianza ukiwa shilingi bilioni 400.1. Baada ya maandamano ya Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha, na mswada huo kuondolewa, ukapunguzwa hadi bilioni 387.4, na mvutano kati ya Seneti na Bunge la Taifa ukaendelea hadi Desemba, nusu mwaka imeshapita. Hakuna mwenye nyumba anayeweza kupanga vizuri asipojua mshahara wake ni kiasi gani hadi nusu ya mwaka iishe.

Tena kuna mvua. Aprili na mwanzoni mwa Mei 2024 mafuriko yalipiga Kitengela, mto Athi ukafurika, watu wakanaswa ndani ya nyumba zao hadi Msalaba Mwekundu ukawatoa. Aliyeandika malengo Septemba iliyotangulia hakuwa na habari ya maji hayo. Kaunti ikihamisha fedha za barabara kwenda kuokoa watu, mimi siwezi kuihesabia hilo kuwa ni kosa. Ninachodai ni kwamba iseme. Iandike kwenye mstari ule ule: lengo hili tuliliacha kwa sababu ya mafuriko, fedha zake zilikwenda huku, tutalirudia mwaka fulani. Mwananchi akielezwa huelewa. Akiachwa bila maelezo hujaza pengo kwa tuhuma, na tuhuma zikizoeleka hata kazi nzuri haisadikiwi tena.

Pia tuna kawaida ya kumpa mtu mmoja mtihani wa mwingine. Si kila barabara unayoipita ni ya kaunti. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliunda KeNHA, KURA na KeRRA, mashirika ya serikali kuu, na barabara nyingi kubwa ziko mikononi mwao. Polisi si wa kaunti. Shule za msingi na sekondari si za kaunti. Madarasa ya chekechea ni ya kaunti, vituo vya afya na hospitali zake ni za kaunti, takataka, masoko, maji, vichinjio na barabara ndogo za mitaani ni za kaunti. Jedwali la nne la Katiba limezitaja kazi hizo. Ukimlaumu mwakilishi wadi kwa barabara ya KeNHA umempa njia ya kutokea, maana atakujibu kwa ukweli kwamba si yake, na lile lililo lake hutamuuliza.

Na yaliyo yake yapo mengi ambayo hayana utepe wa kukata. Hapo ndipo ningependa tukae kidogo. Tunapenda kupima miradi kwa sababu inaonekana, lakini sehemu kubwa ya kazi ya kaunti ni huduma ya kila siku. Chukua kazi ya kuzoa takataka za Rongai. Lengo la kazi hiyo haliwezi kuwa idadi ya malori yaliyonunuliwa. Lori linaweza kununuliwa likalala gereji miezi minne. Lengo ni siku: lori litapita mtaa huu mara ngapi kwa wiki, na mwaka mzima limekosa mara ngapi. Katika zahanati, lengo si jengo. Ni siku ngapi katika mwaka dawa za kawaida zilikosekana, ni siku ngapi mama mjamzito alifika akakuta mkunga. Katika maji, ni siku ngapi kwa wiki mfereji hutoa. Ukanda wote wa Kitengela watu wanajua kutofautisha maji ya chumvi na maji matamu kwa ulimi, na wanajua boza lilikuja lini na kwa bei gani. Vipimo hivi havihitaji mshauri kutoka ng'ambo. Vinahitaji kalenda ya ukutani na kalamu. Mama anayeishi mkabala na zahanati ana takwimu ambazo idara nzima ya mipango haina.

Wenzetu wamejaribu njia mbalimbali. Rwanda tangu 2006 mameya wa wilaya husaini mikataba ya utendaji inayoitwa imihigo mbele ya rais, na mwisho wa mwaka wilaya hupangwa kwa nafasi, ya kwanza hadi ya mwisho, nchi nzima ikisikia. Njia hiyo inatia nidhamu, na sikatai. Hofu yangu ni kwamba meya anayehesabiwa na rais humtazama rais. Mimi nataka anayemtazama mama wa mboga. Ndiyo maana navutiwa zaidi na jirani zetu wa Makueni. Wakati wa gavana Kivutha Kibwana, kati ya 2013 na 2022, walianzisha mikutano kuanzia kijijini hadi wadini, na kila mradi ukawa na kamati ya wananchi wanaoutumia. Mwanakandarasi alihitaji sahihi ya kamati hiyo kabla ya kulipwa. Fikiria nguvu ya jambo hilo. Kisima kisichotoa maji hakiwezi kuwa asilimia 70 mbele ya kamati hiyo. Mwenyekiti wake atakiendea, atafungua mfereji, na kalamu itabaki mfukoni hadi maji yatoke.

Kajiado nayo inaweza kufanya hivyo, wala haihitaji kungoja sheria mpya. Naitaka kaunti ifanye jambo dogo. Kila wadi kati ya wadi zake 25 iwe na karatasi moja kubwa, kwa Kiswahili, na kwa Kimaa palipo na wasomaji wake. Ibandikwe langoni pa kituo cha afya, sokoni, na kwenye kituo cha matatu. Upande wa kushoto iandikwe tulichoahidi, kwa maneno ya mpango wa Septemba. Katikati, kilichopo leo. Upande wa kulia, sababu, kama hakipo. Karatasi moja haiwezi kuishinda serikali yenye bajeti ya mabilioni.

Nawe msikilizaji una sehemu yako. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inakupa haki ya kuomba hati yoyote ya umma, na inasema ombi laweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Kwa Kiswahili, umesikia? Andika barua fupi: naomba nakala ya mpango wa maendeleo wa mwaka na ripoti ya utendaji ya mwaka. Weka tarehe, baki na nakala yako. Ofisi ina siku 21 za kukujibu. Kama mko kwenye chama cha akina mama, kwenye kundi la boda boda, kwenye kamati ya kanisa au msikiti, ombeni nakala moja, na mmoja wenu aliyesoma awasomee wengine kwa lugha yenu ukurasa unaohusu wadi yenu. Msisome kurasa zote. Someni wadi yenu tu, muandike kila ahadi kwenye daftari, mstari mmoja mmoja, mkiacha nafasi mbele yake.

Jana nilirudi kwa mama wa mboga nikiwa na daftari la shule la kurasa 96. Akalipokea, akaandika jina la Gataka juu, kisha akaniuliza aandike nini. Nikamwambia asubiri kidogo. Mpango mpya wa maendeleo wa mwaka hutakiwa uwe mbele ya bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Tafuta daftari lako, na barua yako iende kesho asubuhi.